Ni Lini? Swali la Jimbo na Deni Linalobaki Nyuma Yake

Bunge la Tanzania linapokutana Dodoma, kikao huanza saa tatu asubuhi, na mara baada ya dua na hati kuwekwa mezani, kinachofuata ni maswali. Kabla muswada wowote haujasomwa wala fungu lolote la bajeti halijajadiliwa, mbunge mmoja baada ya mwingine husimama kuulizia kwao: daraja lililosombwa na mafuriko, zahanati ambayo boma lake limesimama miaka bila kuezekwa, kituo cha polisi kisicho na gari, shule isiyo na mwalimu wa hisabati. Anayejibu mara nyingi ni naibu waziri, na huanza kwa maneno ambayo kila msikilizaji wa redio anayajua: kwa niaba ya Waziri, naomba kujibu swali la Mheshimiwa fulani kama ifuatavyo. Wapo wanaokiona kipindi hiki kuwa cha kupoteza muda. Husema mbunge ametumwa kutunga sheria na kuisimamia Serikali, si kuulizia kivuko cha kijijini kwake, na kwamba majibu yenyewe yamekuwa wimbo wa kibwagizo kimoja. Mimi sikubaliani nao. Swali la jimbo ni mojawapo ya nafasi chache ambamo Serikali hulazimika kuacha kusema kwa jumla ya nchi nzima, ikataja mahali kwa jina lake, na mara nyingine fedha na mwaka pia. Udhaifu wake hauko katika kuulizwa. Uko baadaye, pale ambapo hakuna anayerudi kulidai jibu.

Haki ya kuuliza haikutolewa kwa hisani. Ibara ya 63 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 inalitaja Bunge kuwa chombo kikuu cha kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi, na inapoorodhesha njia za kufanya kazi hiyo, ya kwanza kabisa ni kumuuliza waziri yeyote swali lolote la umma lililo katika wajibu wake. Ibara ya 100 inamlinda mbunge kwa anayoyasema humo. Desturi yenyewe ni kongwe: huko London swali la kwanza linalokumbukwa katika kumbukumbu za bunge liliulizwa mwaka 1721, na Waingereza waliileta Tanganyika pamoja na Baraza la Kutunga Sheria lililoundwa 1926. Baraza hilo lilikaa karibu miaka 20 bila mjumbe Mwafrika, hadi machifu wawili walipoteuliwa mwaka 1945. Kwa hiyo kwa miaka mingi Msukuma au Mmakonde alikuwa na serikali iliyomhusu lakini hakuwa na mtu wa kumuulizia. Kila ninapolisikia swali kuhusu kata isiyojulikana na wengi likisomwa kwenye ukumbi wa taifa, naona umuhimu wa jambo hilo dogo: jina la mahali pale limetamkwa mbele ya watawala na limeandikwa.

Kinachofanyika kabla ya jibu kusomwa nacho kina maana, na msikilizaji hakioni. Mbunge huandika swali na kulipeleka kwa Katibu wa Bunge, likaguliwe kama linafuata Kanuni, kisha liende wizarani. Wizarani hakuna anayejua kwa kichwa hali ya barabara ya kata moja kati ya maelfu. Swali hushuka: mkoani kwa katibu tawala, kwenye halmashauri kwa mkurugenzi, au kwa meneja wa wilaya wa wakala wa barabara, TARURA, na mwishowe mtu mmoja hufungua faili, pengine lililolala tangu bajeti iliyopita, akaandika kilometa ngapi zimechongwa, fedha ngapi zilipokelewa na ngapi hazikufika. Maelezo hayo hupanda tena ngazi ile ile hadi mikononi mwa naibu waziri. Jibu linaweza kuwa fupi na la kukatisha tamaa, lakini njiani limeilazimisha ofisi ya wilaya ijieleze kwa ofisi ya taifa juu ya jambo ambalo bila swali lisingeulizwa na yeyote. Wakaguzi huja baada ya fedha kutumika. Swali linaweza kuja wakati fedha haijatoka.

Ugumu wa kwanza ni kumjua mwenye jambo. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS na Wizara ya Ujenzi. Barabara za wilaya, za vijijini na za mitaa ya mjini, zaidi ya kilometa 140,000 kwa ujumla wake, ziko chini ya TARURA, wakala ulioanzishwa 2017 chini ya TAMISEMI, wizara ya tawala za mikoa na serikali za mitaa. Mwananchi anayepita kwenye tope hana habari na mpaka huo, na ndiyo sababu swali la kupandisha hadhi barabara, yaani kuihamisha kutoka wilaya kwenda mkoa, limekuwa maarufu sana: jimbo linatafuta mlango wenye fedha zaidi. Maji ya vijijini yalihamia kwa wakala wake, RUWASA, kwa sheria ya mwaka 2019, na kabla ya hapo halmashauri ndiyo ilikuwa inajibu. Upande wa Zanzibar mpaka ni mkali zaidi, kwa sababu unatokana na Katiba yenyewe. Mbunge wa Pemba aliyeko Dodoma anaweza kuulizia kituo cha polisi, uhamiaji au mkopo wa mwanafunzi wa chuo kikuu, kwa kuwa hayo ni mambo ya Muungano. Zahanati na shule ya msingi ya kijiji kile kile huulizwa katika Baraza la Wawakilishi, Chukwani, na kujibiwa na waziri wa Serikali ya Mapinduzi. Mpiga kura mmoja, matatizo mawili ya mtaa mmoja, mabunge mawili. Mwakilishi asiyeijua ramani hii hurudi na jibu sahihi lisilosaidia kitu, kwamba suala hilo haliko chini ya wizara iliyoulizwa.

Nimesema swali la jimbo huivunja jumla ya taifa, na mfano mzuri ni umeme vijijini. Kwa miaka mingi hesabu iliyosomwa bungeni ilikuwa ya vijiji: kati ya vijiji 12,318 vya Tanzania Bara, vingapi vimefikiwa. Hesabu ilipanda hadi ikakaribia kukamilika, na ilikuwa kazi kubwa ya kweli ambayo Wakala wa Nishati Vijijini unastahili kusifiwa kwayo. Lakini kijiji kufikiwa maana yake nguzo zimefika mahali fulani ndani ya kijiji: barabarani, shuleni, kwenye maduka. Walioishi vitongoji vya mbali waliendelea kuwasha vibatari huku kijiji chao kikihesabiwa kuwa na umeme. Waliolisema hilo, kikao baada ya kikao, ni wabunge, wakitaja vitongoji kwa majina, kimoja kimoja, katika maswali ambayo kwa msikilizaji wa Dar es Salaam yalichosha. Polepole hesabu yenyewe ikabadilika. Serikali ikaanza kuzungumzia vitongoji, ambavyo ni zaidi ya 64,000, na ukatengenezwa mradi wa kupeleka umeme katika vitongoji 15 vya kila jimbo. Sidai kwamba maswali peke yake yalileta mradi huo; wananchi, wataalamu na fedha za wafadhili vyote vilihusika. Lakini angalia sura ya mradi: umegawanywa kwa majimbo, kwa kipimo kile kile ambacho wabunge walikuwa wakikitumia kuuliza.

Tuje sasa kwenye maneno ya swali, kwa sababu humo ndimo mengi hupotea. Soma Taarifa Rasmi za Bunge, zile tunazoziita Hansard, na utakutana na aina mbili za maswali zaidi kuliko nyingine zote. Moja huanza kwa kuuliza Serikali ina mpango gani wa kufanya jambo fulani. Nyingine huuliza ni lini itafanya. Aina ya kwanza ni zawadi kwa wizara. Serikali daima ina mpango. Jibu litasema Serikali inatambua umuhimu wa barabara hiyo, itaendelea kutenga fedha kwa awamu kadiri zitakavyopatikana, na inamwomba Mheshimiwa Mbunge na wananchi wawe na subira. Hakuna neno la uongo katika jibu hilo, na hakuna neno linaloweza kushikwa. Aina ya pili ni afadhali, maana inadai wakati, lakini nayo ina mlango wa kutokea: kazi itaanza baada ya upembuzi yakinifu na usanifu wa kina kukamilika. Barabara inaweza kukaa katika usanifu kwa muda mrefu kuliko mtoto anavyokaa shule ya msingi. Ukiuliza ni lini, unapewa hatua mahali pa tarehe.

Swali gumu kukwepa ni lile linalouliza kilichokwisha kutokea. Bajeti ya mwaka uliopita ilitenga kiasi gani kwa daraja hili? Kiasi gani kilitolewa hasa? Kilitumika kwa kazi ipi, mkandarasi alilipwa hati ngapi, na kwa nini kazi ilisimama? Wakati uliopita hauna upembuzi yakinifu. Tofauti kati ya fedha iliyotengwa na fedha iliyotolewa ni moja ya siri zilizo wazi za utawala wa fedha katika nchi zetu: fungu hupitishwa Juni kwa makofi, kisha mwaka unakwisha halmashauri ikiwa imepokea sehemu tu. Mbunge anayeuliza mpango hupewa fungu lililotengwa. Anayeuliza fedha iliyopokelewa huipata hali halisi, na kwa kuipata huwafundisha wapiga kura wake kwamba kilichokwama si mapenzi ya mtu bali mtiririko wa malipo, jambo ambalo linaweza kufuatiliwa. Inasikitisha kwamba maswali ya namna hii ni machache. Sababu moja, nadhani, ni kwamba mbunge naye hana mtafiti wa kutosha wa kumchimbia takwimu kabla hajauliza. Sababu nyingine ni kwamba swali la mpango linasikika vizuri redioni jimboni, hata lisipozaa kitu.

Jibu la maandishi hupambwa na wataalamu. Ndiyo sababu sehemu yenye uhai zaidi ni maswali ya nyongeza, yale mbunge anayoruhusiwa kuuliza papo hapo baada ya kusikia jibu, na wenzake nao wakidakia ya kwao. Hapo waziri hana karatasi, au ana karatasi isiyotosha. Anayeielewa wizara yake huonekana, na asiyeielewa huonekana pia. Alhamisi, katika maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu, hali hiyo huwa kubwa zaidi, ingawa maswali yake huelekea kwenye sera kuliko kwenye kata.

Kenya imetupatia ushahidi mzuri wa thamani ya jambo hili, kwa kuliondoa na kisha kulirudisha. Katiba ya 2010 iliwatoa mawaziri bungeni. Kuanzia Bunge la 11, mwaka 2013, waziri hakuwa tena mbunge, na kipindi cha maswali cha zamani kikafa. Maombi ya maelezo yalipelekwa kwa wenyeviti wa kamati, ambao waliyafikisha wizarani na kurudi na barua ya kusoma. Kwenye karatasi mfumo ulikuwa safi zaidi, tena kamati zilikuwa na nguvu ya kumwita mtu yeyote kama Mahakama Kuu inavyoweza kumwita shahidi. Lakini mbunge wa Turkana au wa Tana River aliyetaka kuuliza la nyongeza alikuwa anamuuliza mbunge mwenzake, ambaye barabara ile haikuwa mikononi mwake. Malalamiko yalidumu miaka yote hiyo. Mwishoni mwa 2022 Rais William Ruto aliwaandikia maspika kupendekeza mawaziri wafike ukumbini kujibu wenyewe, kanuni zikarekebishwa, na mwaka 2023 mawaziri wakaanza kusimama tena mbele ya Seneti na Bunge la Taifa. Kwamba nchi iliyokuwa na kamati zenye nguvu, Seneti ya kuzisemea kaunti zake 47 na magavana wenye bajeti zao bado iliona pengo, inaonyesha kuwa kuna kitu katika kusimama ana kwa ana na mwenye wizara ambacho barua haikitoi.

Hata hivyo swali lililoulizwa vizuri na kujibiwa linaweza kuacha hatari pale pale lilipoikuta, na hapa lazima niseme habari za Ukara. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka katika Ziwa Victoria kikikaribia kisiwa hicho cha Wilaya ya Ukerewe, na watu zaidi ya 220 wakafa. Baada ya msiba, viongozi wa upinzani walisema walikuwa wamepiga kelele mara nyingi juu ya hali mbaya ya kivuko hicho. Na Serikali haikuwa imekaa bure kabisa: mwaka ule ule injini zake zilikuwa zimefanyiwa matengenezo makubwa. Lakini kivuko kilichojengwa kubeba watu takriban 100 siku ile kilibeba zaidi ya mara mbili yao, siku ya gulio. Tatizo la mashine lilikuwa limepata jibu. Tatizo la watu wengi na chombo kimoja kidogo halikuwa limepata. Nauona hapa mpaka wa swali linalotaja kifaa. Ukiuliza injini utapewa injini. Shida ya wakazi wa Ukara ilikuwa usafiri: safari ngapi kwa siku, nani anahesabu abiria gatini, siku ya soko kinaongezwa chombo gani. Maswali hayo yana sura ndogo na yanaonekana ya kidiwani, lakini ni hayo yanayohusu uhai wa mtu.

Neno hilo, udiwani, ndilo pingamizi linalorudiwa zaidi. Wakosoaji wanasema mbunge anayeulizia kisima amejishusha, na kwamba kwa kufanya hivyo anaziacha sera kubwa, mikataba na deni la taifa mikononi mwa Serikali bila mtu wa kuziuliza. Pingamizi hili lina ukweli ndani yake. Muda wa kipindi ni mfupi, na asubuhi iliyojaa visima haiachi nafasi ya mkataba wa gesi. Lakini linakosea linapodhani kwamba mambo ya mahali na mambo ya taifa ni vitu viwili. Gesi ya Mtwara ilianza kama suala la mkoa: watu wa kule waliuliza kwa nini ipelekwe Dar es Salaam kwa bomba na wao watabaki na nini. Tarehe 22 Mei 2013, siku hotuba ya bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini iliposomwa Dodoma, vurugu zililipuka Mtwara, na damu ikamwagika. Sisemi swali moja zaidi lingeizuia siku ile. Nasema kwamba suala la mkoa lililokosa jibu la kuaminika lilikuwa tayari ni suala la taifa, na dalili zake zilionekana miezi mingi kabla. Tena diwani mwenyewe hana pa kuuliza. Baraza la madiwani linaweza kumhoji mkurugenzi, lakini TARURA, RUWASA na TANROADS haziajiriwi wala hazifukuzwi na halmashauri. Kadiri huduma zinavyohamishiwa kwenye wakala za taifa, ndivyo swali la kisima linavyokosa mwenyewe mwingine zaidi ya mbunge.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Katika uchaguzi wa 2020 chama tawala, CCM, kilipata majimbo 256 kati ya 264. Bunge la namna hiyo, watu wanauliza, litaisimamia vipi Serikali ya chama hicho hicho? Jibu langu ni la nusu. Ni kweli kwamba mbunge wa chama tawala ana sababu nyingi za kutomkera waziri. Lakini swali la jimbo ndilo eneo ambamo anaweza kuwa mkali bila kuhesabiwa kuwa msaliti, kwa sababu anadai ahadi ya chama chake mwenyewe: ilani ilisema daraja litajengwa, liko wapi? Ndani ya Bunge lenye upinzani mdogo, ukali wa kijimbo unaweza kuwa ndio ukali uliobaki. Mahali ambapo jibu langu linaishia ni pale suala la mkoa linapogongana na hazina. Juni 2018, wabunge wa mikoa ya kusini walipinga kwa nguvu mabadiliko ya sheria yaliyochukua sehemu ya ushuru wa korosho ghafi zinazouzwa nje, asilimia 65, iliyokuwa ikirudi kuiendeleza tasnia ya korosho, na kuipeleka yote mfuko mkuu wa Serikali. Waliuliza, walichangia, walisihi. Mabadiliko yalipita. Swali lina uwezo wa kulazimisha maelezo. Halina uwezo wa kulazimisha uamuzi, na asiyelijua hilo atalibebesha swali mzigo lisioumudu. Kwa uamuzi kuna kura, na kuna ile silaha ya kipindi cha bajeti ambayo Waswahili wa Dodoma huiita kushika shilingi, mbunge anapozuia shilingi moja ya mshahara wa waziri mpaka apate maelezo ya kuridhisha. Ni silaha inayosikika sana na kurudishwa upesi.

Kuna pingamizi la tatu ambalo huzungumzwa kidogo, na kwangu ndilo linalosumbua zaidi: kwamba mfumo huu humpa anayepiga kelele. Jimbo lenye mbunge hodari wa kuuliza lipate lami, jirani yake mwenye mbunge mnyamavu akae na vumbi, ingawa wapiga kura wa pande zote mbili ni wale wale na kodi yao ni ile ile. Mgawo sawa kwa kila jimbo, kama ule wa vitongoji 15, huziba sehemu ya tatizo hili na kufungua lingine, maana jimbo la mjini lenye mitaa iliyobanana na jimbo kubwa la wafugaji hayana mahitaji yanayolingana. Sioni dawa ya kulimaliza kabisa. Naona cha kulipunguza, na ni kuyaweka majibu mahali ambapo yanaweza kulinganishwa. Barabara ya wilaya moja ikijibiwa kwamba fedha hakuna, na ya wilaya ya pili yenye hali ile ile ikajibiwa wiki hiyo hiyo kwamba mkandarasi ameshapatikana, mtu yeyote anayeyaona majibu hayo ubavuni mwa mwenzake ana swali tayari.

Tatizo ni kwamba hayakai ubavuni mwa mwenzake. Hansard hupangwa kwa tarehe za vikao. Mtu anayetaka kujua Serikali imeahidi nini kwa wilaya yake tangu uchaguzi uliopita itambidi afungue kurasa za siku moja baada ya nyingine. India iliona tatizo hili mapema: mwaka 1953 bunge lake liliunda kamati ya kushughulikia ahadi za Serikali peke yake. Kila waziri anaposema jambo litaangaliwa au litatekelezwa, maneno hayo hutolewa kwenye kumbukumbu na kuandikwa kama ahadi, na wizara hutakiwa kuitimiza ndani ya miezi mitatu au kuomba muda zaidi kwa kueleza sababu. Wizara za huko huchelewa pia, na ahadi nyingine hukaa miaka. Lakini huchelewa zikiwa zimeandikwa, na hilo si sawa na kusahauliwa. Karibu nasi zaidi, Bunge la Uganda lina kamati ya aina hiyo. Kwa Tanzania kazi yenyewe haihitaji Katiba mpya wala fedha nyingi. Inahitaji orodha moja ya wazi, iliyopangwa kwa mkoa na jimbo, inayoonyesha swali, jibu, ahadi, mwaka wa fedha uliotajwa, na hali ilivyo leo, na inayosomwa bungeni mwishoni mwa kila mwaka wa fedha mbele ya mawaziri walioahidi.

Usikivu wa watu nao una nafasi yake. Januari 2016 Serikali ilipotangaza kwamba shirika la utangazaji la taifa, TBC, litaacha kurusha moja kwa moja vikao vyote vya Bunge kwa sababu ya gharama, ubishi mkubwa ulikuwa juu ya mijadala ya kisiasa. Naona hasara ya mtu wa jimboni ilikuwa kubwa kuliko ya mpenda siasa. Mjadala wa bajeti utaandikwa magazetini hata usiporushwa. Swali kuhusu zahanati ya kata moja halitaandikwa na gazeti lolote. Anayelihitaji ni mtu wa kata ile, na ni yeye pekee duniani anayeweza kusema kama jibu lililotolewa ni la kweli. Naibu waziri akisema ukumbini kwamba kisima kimekamilika na kinatoa maji, hakuna mbunge kutoka mkoa mwingine wa kumsahihisha, wala Spika hana njia ya kujua. Mama aliyepanga ndoo pale asubuhi hiyo anajua. Bila yeye kulisikia jibu, jibu halina mkaguzi.

Taarifa Rasmi za Bunge zipo kwenye tovuti yake, kikao kwa kikao, na zinasomeka hata kwa simu. Jina la kata likipatikana humo, pamoja na tarehe na maneno ya waziri, karatasi hiyo moja inaweza kuchapwa na kupelekwa kwenye mkutano wa hadhara mbunge anaporudi jimboni. Hapo mwananchi anaweza kumsomea Mheshimiwa jibu alilopewa yeye mwenyewe, na kumwomba aende kuuliza tena, safari hii akianza na tarehe ile.